Mpiga Kura Asiyeamua Hutembelewa



Mkazi wa Dar es Salaam ukimtajia neno Ufipa, mara nyingi hafikirii uwanda ule wa juu ulio kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Anafikiria mtaa mmoja wa Kinondoni. Kwa miaka mingi Mtaa wa Ufipa ndiko yalikokuwa makao makuu ya CHADEMA, na magazeti yalizoea kuandika kwamba Ufipa wamesema hivi, Ufipa wamekanusha vile, kama yalivyozoea kuandika Lumumba yalipotaka kuitaja CCM.

Leo naomba tuuache mtaa, twende Ufipa yenyewe, kule Sumbawanga, Laela, Matai na Namanyere, ambako asubuhi ya mwezi wa Juni huwezi kutoka nje bila sweta. Sababu ya safari hii ni hesabu moja ya kura ambayo nadhani watu wa mjini waliipita haraka mno.

Katika uchaguzi mkuu wa tarehe 28 Oktoba 2020, nchi ilikuwa na majimbo 264, Bara na Visiwani. CCM ilichukua majimbo 256. CHADEMA, chama kilichokuwa kikuu cha upinzani, kilipata jimbo moja tu. Jimbo hilo halikuwa Dar es Salaam, wala Arusha, wala Mbeya, wala Moshi. Lilikuwa Nkasi Kaskazini, mkoani Rukwa, jimbo la Namanyere na Kirando, jimbo la wakulima wa mahindi na maharage huku juu na wavuvi wa dagaa kule mwambao. Bi. Aida Khenani, aliyekuwa mbunge wa viti maalum, alimshinda Bw. Ally Keissy wa CCM aliyekuwa amelishika jimbo hilo tangu mwaka 2010.

Sisemi haya kukipigia debe chama chochote. Vyama vya upinzani viliyakataa matokeo ya jumla ya mwaka ule, vikalalamikia wagombea wao kuenguliwa na mawakala wao kuzuiwa vituoni, na mjadala huo unajulikana. Mimi nataka tuitazame tofauti ya kura ya Nkasi Kaskazini peke yake. Mshindi alipata kura zaidi ya 21,000. Aliyemfuata alipata karibu 20,000. Tofauti ilikuwa kura zipatazo 1,200.

Sasa tufanye hesabu ya darasa la nne. Kama watu 600 na ushei wangeuondoa mkono wao upande mmoja na kuupeleka upande wa pili, matokeo yangegeuka. Wagawe watu hao kwa vituo vyote vya kupigia kura vya jimbo zima. Unabaki na watu wachache sana kwa kila kituo, watu wa kutosha benchi moja la mama lishe. Hao ndio walioamua nani aende Dodoma. Na mimi nasema, watu wa benchi lile wengi wao ni wale ambao wiki tatu kabla ya kura ukiwauliza watampa nani, wanatazama pembeni na kukujibu kwamba siku bado.

Ndugu wasikilizaji, huyu anayesema siku bado ndiye ninayetaka tumzungumzie. Wanasiasa wetu wanamtafuta sana na wanamjua kidogo sana. Wengi wanadhani ni mtu asiyejua. Kwa hiyo wanamletea maneno mengi, vipaza sauti vikubwa na nyimbo. Lakini nilivyowaona watu wa namna hii, pale Ufipa na hata huku mijini, tatizo lao si kutojua. Majina ya wagombea wanayajua, na ahadi zao wanaweza kukusomea kwa kichwa, za uchaguzi huu na za uchaguzi uliopita. Tatizo lao ni kutoamini. Wanasubiri waone nani atarudi.

Tena wako wa aina zaidi ya moja. Yupo aliye katikati ya wagombea wawili, anapima. Yupo aliyekwisha kuamua, ila hasemi, kwa sababu mwenye duka anakokopa sukari ni mtu wa upande mwingine. Na yupo wa tatu ambaye wengi humsahau, yule ambaye hajaamua kama atakwenda kabisa. Huyu wa tatu si mtu mmoja wala wawili. Mwaka 2010 walioandikishwa kupiga kura walikuwa zaidi ya milioni 20, na waliokwenda vituoni hawakufika asilimia 43. Waliobaki nyumbani walizidi mara mbili ya kura zote alizopata mshindi wa urais. Kama wale waliobaki nyumbani wangekuwa chama, basi ndicho chama kikubwa kuliko vyote nchini.

Je, tunawatafuta watu hawa kwa njia gani? Kwa desturi yetu tunaanza na mkutano wa hadhara. Mgombea mkubwa anafika Sumbawanga, uwanja unajaa, wasanii wanaimba, vumbi linapanda, na jioni picha zinasambazwa kuonyesha umati. Mimi sikatai mikutano. Mkutano unawapa moyo walio wenu tayari, unamwonyesha mgombea kwa sura, na unawafanya watu waone kwamba chama kipo. Lakini hebu tujiulize, ni nani anayesimama juani saa tatu kumsubiri mgombea aliyechelewa? Mwanachama, mtoto wa shule, kijana aliyekuja kumwona msanii, na mtu aliyeletwa na lori. Yule wa siku bado yuko shambani, au yuko kwenye foleni ya mashine ya kusaga, au amekaa na mgonjwa. Mwezi wa Oktoba Ufipa inasubiri mvua. Mtu anasafisha shamba na anahesabu pesa ya mbolea. Hana saa tatu za kumpa mtu yeyote.

Na juu ya mkutano wa ardhini, tumeongeza ule wa angani. Mwaka 2005 Bw. Freeman Mbowe alizunguka nchi kwa helikopta akigombea urais. Watu walikimbia kuishangaa, na vyama vingine baadaye vikaiga. Siku ya kuhesabu, kura zake za urais hazikufika asilimia 6. Helikopta ilikuwa imekusanya macho. Macho na kura ni vitu viwili.

Kuna kazi nyingine isiyopigwa picha. Kazi hiyo inafanywa kwa miguu na baiskeli, na kwa daftari la kurasa 200. Ngoja niieleze inavyokwenda pale inapofanywa vizuri.

Kwanza anachaguliwa mtu wa kitongoji chenyewe. Hatumwi kijana kutoka mjini mwenye fulana mpya. Anachaguliwa mtu ambaye majirani wanajua anakolima, wanajua alimuuguza nani na alilala kwenye msiba wa nani. Anapewa nyumba chache anazoziweza, thelathini au arobaini, si kata nzima. Katika daftari anaandika walio wetu, wasio wetu, na wasioamua. Wasio wetu anawasalimu kwa heshima na kuwaacha. Walio wetu anawapa kazi. Nguvu yake yote anaipeleka kwa wasioamua.

Pili, akifika haanzi na hotuba. Tuchukue mfano wa kijana na mama mmoja mkulima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu kigoda, ukae."

"Ahsante mama. Nimekuja kwa ajili ya uchaguzi, sitaki kukuficha. Lakini kwanza nikuulize, mahindi ya mwaka huu mmeyauza wapi?"

"Tumewauzia hawa walanguzi wanaopita na malori. Ghala la serikali liko mbali, na gari la kukodi linakula faida yote. Wewe na mgombea wako mtafanya nini?"

Hapa ndipo kampeni nyingi zinapovunjika. Kijana aliyekariri maneno ya chama atamjibu kwamba mgombea wetu ataleta barabara, maji, umeme na bei nzuri. Mama atatikisa kichwa, atasema haya, na mazungumzo yamekwisha. Ile haya ya Kiswahili tunaijua wote. Maana yake si ndiyo.

Kijana aliyefunzwa vizuri atajibu hivi: "Hilo la usafiri wa kwenda ghalani leo sina jibu lake. Nitauliza, na Jumamosi nitapita hapa."

"Wote husema watapita."

"Ndiyo maana mama nimekutajia siku."

Ndugu wasikilizaji, kura ya mama yule bado haijapatikana. Itapatikana au itapotea siku ya Jumamosi. Kijana akirudi, hata kama jibu lake si tamu, hata kama atasema mgombea ameahidi kuufuatilia ununuzi wa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula na hajui utaongezwa lini, mama atakuwa ameona kitu ambacho hajakiona kwa miaka mingi. Ameona mtu wa siasa aliyesema atarudi, na akarudi. Asiporudi, basi afadhali asingekuja kabisa, maana sasa mama ana sababu mpya ya kubaki nyumbani.

Tatu, siku ya kura. Kijana yule yule anapita kwa watu wa daftari lake asubuhi, anawauliza kama wameamka salama, kama kadi ipo, kama bibi asiyeweza kutembea amepata mtu wa kumsindikiza. Na chama chake kina wakala anayeaminika kituoni, aliyekula na anayejua sheria. Kazi ya miezi inaweza kumwagika kwa saa moja kama wakala ameondoka kutafuta chai.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo mapya ya vitabu vya Wazungu. Si kweli. Nchi hii ilipata uhuru kwa njia hii hii. Mwaka 1955, TANU ikiwa na umri wa mwaka mmoja tu, Bibi Titi Mohamed alipewa kazi ya kuwaleta wanawake wa Dar es Salaam kwenye chama. Hakuwa na gari la matangazo. Yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa ngoma, na alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake, wale ambao akina mama walikuwa wamekwisha kuwaamini kwa mambo ya harusi na misiba. Katika miezi michache wanawake wapatao 5,000 walichukua kadi. Serikali ya kikoloni ilikuwa na redio, magari na maofisa, lakini haikuwa na mtu wa kuingia uani na kukaa mkekani.

Baadaye, miaka ya 1960, TANU ikaweka mabalozi wa nyumba kumi, na CCM ilipozaliwa mwaka 1977 ikaurithi mtandao huo. Anayedhani kwamba CCM hupata kura vijijini kwa fulana na kofia peke yake hajakaa kijijini. Kwa miaka mingi balozi ndiye aliyejua nani ameugua, nani amegombana na mkewe, nani hana mbegu. Unaweza kuusema ubaya wa mtandao ule, na upo, kwa sababu anayejua habari zako zote anaweza pia kukutisha. Lakini vyama vilivyozaliwa baada ya mwaka 1992, mfumo wa vyama vingi uliporudi, vingi vilianza na makao makuu mjini na bendera barabarani, vikaliacha shina kwa mwenyewe. Kisha vikashangaa kwa nini mikutano inajaa na masanduku yanakuwa matupu.

Wenzetu wa nje wamejaribu kuipima kazi hii. Mwaka 1998 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, Alan Gerber na Donald Green, waliwachukua wapiga kura wapatao 30,000 wa mji wa New Haven. Kwa kura ya bahati nasibu, wengine walitembelewa nyumbani, wengine wakapigiwa simu, wengine wakaandikiwa barua, na wengine wakaachwa. Waliotembelewa walikwenda kupiga kura kwa wingi zaidi kuliko walioachwa. Barua ilisaidia kidogo tu. Simu haikusaidia kitu.

Lakini tusisome upande mmoja wa ukurasa. Mwaka 2018 wataalamu wengine, Joshua Kalla na David Broockman, walitoa matokeo ya majaribio 49 ya kampeni za Marekani. Waliona kwamba katika uchaguzi mkuu, pale vyama vinapopambana, kumbadili mtu ampe mgombea mwingine karibu hakutokei kabisa. Na pale neno lilipoingia mapema, miezi kabla ya kura, lilishika kwa muda, kisha likafifia kabla ya siku yenyewe.

Wapo wanaoyatumia matokeo hayo kusema kwamba kutembea nyumba kwa nyumba ni kupoteza soli za viatu. Mimi nayasoma vingine. Yananiambia kwamba neno la siku moja, lisemwe na nani, lisemwe vizuri namna gani, halikai. Mgeni anayegonga mlango mara moja anaweza kumkumbusha mtu kwenda kituoni. Kuigeuza imani yake ni jambo jingine, na hilo linataka mtu anayerudi.

Wakulima wa Ufipa hawahitaji kwenda Yale kulielewa hili. Tangu enzi na enzi wanalima kwa matuta ya duara ambayo huyaita ntumba. Mvua zikielekea kumalizika, mkulima hukata nyasi na kuzifukia ndani ya udongo, akatengeneza kichuguu kwa kichuguu hadi shamba zima linaonekana kama kundi la kondoo waliolala. Juu yake anaweza kupanda maharage. Ndani yake nyasi zinaoza polepole. Msimu unaofuata anayavunja matuta, anautandaza udongo ulioshiba, ndipo anapanda ulezi au mahindi. Mtu akija na jembe siku ya kupanda na kudai nafaka, watamcheka. Aliyefukia nyasi mwaka jana ndiye atakayevuna mwaka huu.

Kampeni zetu nyingi zinafika na jembe siku ya kupanda. Ratiba inatangazwa, wagombea wanateuliwa, na baada ya hapo kuna miezi miwili ya makelele. Aliyeshindwa hufunga ofisi ya wilaya siku ya pili, bendera inachakaa mlingotini, na kijana wa daftari harudi tena kwa yule mama mpaka miaka mitano ipite. Aliyeshinda naye anahamia Dodoma. Halafu tunasema wananchi hawaeleweki.

Kwa kuwa hawakufukia nyasi, wengi wanatafuta njia ya mkato, nayo ni pesa. Nchi hii iliwahi hata kuipa rushwa jina zuri. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilifanyiwa marekebisho, yakaruhusu kile kilichoitwa takrima, kana kwamba mgombea ni mwenyeji na mpiga kura ni mgeni wake. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake walikwenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaamua kwamba takrima ni kinyume cha Katiba. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Sheria ni nzuri, lakini kila mmoja wetu ameziona khanga zikigawiwa usiku, na kilo za sukari, na noti zilizokunjwa ndani ya kiganja wakati wa kupeana mikono.

Jina la Sumbawanga, kama wenyeji wanavyolieleza, lina maana ya kuutupa uchawi. Ukiingia mjini, uache uchawi wako nje. Mimi naona pesa ya usiku ndiyo uchawi wa kampeni, maana wenye kuutumia wanaamini kwamba kitu kidogo kikiguswa na mkono wa mtu, basi moyo wake unafungwa. Moyo haufungwi hivyo. Mwananchi masikini si mjinga. Anaipokea khanga, anaivaa, na ndani ya chumba cha kura yuko peke yake. Wa mjini wana msemo wao, kula kwa huyu na kura kwa yule. Hasara ya pesa ile si kwamba inanunua kura. Hasara yake ni kwamba inamfundisha mtu kuwa siku moja katika miaka mitano ndiyo siku yake ya mshahara, na kwamba baada ya hapo hakuna anayemdai wala anayemdai yeye. Mtu aliyefundishwa hivyo hawezi kumuuliza mbunge wake habari za ghala la mahindi, kwa sababu kila mmoja anajua biashara iliisha siku ile.

Neno moja kuhusu nyumba za ibada. Ufipa ni nchi ya misheni kongwe za Kikatoliki, na jumuiya ndogo ndogo zina nguvu huko, kama zilivyo na nguvu kwaya, vikundi vya kuweka na kukopa, na kamati za misiba. Mtu wa daftari anajulikana kwa sababu ya mambo hayo. Ajulikane hivyo, lakini asiyageuze majukwaa. Msiba wa jirani ukishakuwa mahali pa kutafutia kura, jirani atafunga mlango, na atakuwa na haki.

Ndugu wasikilizaji, nimesema sana juu ya namna ya kumvuta asiyeamua. Lakini kazi yote hii ina sharti moja, nalo ni kwamba awepo wa kuchagua na pawepo usalama wa kuchagua. Mwaka 2025 CHADEMA hakikuwemo kwenye karatasi za kura. Kilikuwa kimedai mabadiliko kabla ya uchaguzi, hakikusaini kanuni za maadili, na Tume ikatangaza kwamba hakitashiriki. Tarehe 29 Oktoba, siku ya kupiga kura, zikatokea vurugu na vifo katika miji kadhaa, intaneti ikazimwa, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Rais Samia Suluhu Hassan akatangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98.

Mimi nauliza swali dogo la mtu wa daftari. Katika uchaguzi wa namna ile, yule mama wa siku bado anaandikwa safu gani? Hayuko katikati ya wagombea wawili, kwa maana mmoja hayupo. Hawezi kumwambia kijana anachofikiri, kwa maana anaogopa. Anabaki na uamuzi mmoja tu, kwenda au kutokwenda. Na vijana ambao wangekuwa wanatembea na madaftari, wengine tuliwaona barabarani. Ushawishi ni kazi ya polepole, inachosha na haina sifa. Watu wanaukubali uchovu wake pale tu wanapoamini kwamba kura itahesabiwa. Ukiwaondolea imani hiyo, hujawaondoa katika siasa. Umewaondoa katika mazungumzo, na mtu aliyeondolewa katika mazungumzo bado ana miguu na mikono.

Kwa hiyo nasema na pande tatu.

Nasema na walioshika dola na Tume yao. Ule uchaguzi wa Nkasi Kaskazini, ambapo kura 1,200 ziliamua na aliyeshindwa alikuwa wa chama tawala, haukuibomoa nchi. Mbunge wa upinzani aliapa, watu wa Namanyere wakaendelea kulima, na wavuvi wa Kirando wakaendelea kutandaza dagaa. Ushindi mwembamba wa haki ni salama kuliko ushindi mnene unaowaacha watu kimya.

Nasema na vyama vyote. Ofisi ya wilaya isifungwe siku ya pili baada ya matokeo. Wape watu wa vitongoji madaftari sasa, wakati hakuna kura ya kuomba, na wawasikilize watu kuhusu mbolea, zahanati na kivuko. Chama kikijibu maswali mawili kwa mwaka, hakitahitaji helikopta.

Na nasema nawe, mpiga kura wa mjini unayelisoma gazeti hili ndani ya daladala. Usimdhanie wa kijijini kwamba ndiye anayenunuliwa kwa kilo ya sukari. Wewe mwenyewe ni lini mara ya mwisho mtu wa chama chochote alipogonga mlango wako akakuuliza swali na kulingoja jibu? Akija, usimfukuze, na usimwombe nauli. Mweleze kinachokukera mtaani kwako, kisha muulize swali moja tu: utarudi lini? Akitaja siku, iandike.